Sura ya Saba: Gitaa Kavu Likiingia Waya

Mpiga gitaa kavu anayetaka kubadilisha pikapu huanza karibu kila mara na lalamiko moja: gitaa likiwa mkononi lina sauti tamu, likichomekwa kwenye spika linageuka bati. Lalamiko hilo lina ukweli wake. Kinachofuata ndicho chenye matatizo, kwani mtu hufikia uamuzi kwamba pikapu iliyomo ni mbovu, na kwamba nyingine ya bei kubwa zaidi italirudishia gitaa sauti yake. Katika sura hii nitadai kwamba hakuna pikapu inayoirudisha sauti hiyo, kwa sababu hakuna pikapu inayoisikia. Kila moja hunasa sehemu moja tu ya mtikisiko wa gitaa, na kutokana na sehemu hiyo hutengenezwa sauti ya pili, yenye tabia zake. Kwa hiyo pikapu ichaguliwe kwa kuangalia mahali gitaa litakapopigiwa na mitambo itakayobeba sauti, na ibadilishwe baada ya kila kilichopo kati ya uzi na spika kukaguliwa. Anayefuata utaratibu huo mara nyingi hugundua kwamba pikapu ya zamani ilikuwa haina kosa.

Tuanze na gitaa lenyewe. Uzi peke yake hausukumi hewa ya kutosha kusikika upande wa pili wa chumba. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida, zikikazwa hadi sauti yake sahihi, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na nguvu hiyo hutikisika kupitia kipande chembamba cha mfupa au plastiki kilichosimama juu ya daraja. Kutoka hapo mtikisiko huingia kwenye daraja, kisha kwenye ubao wa juu, kisha kwenye hewa iliyomo tumboni mwa gitaa, na hewa hiyo hutoka kwa pumzi yake kupitia tundu la sauti. Anayesikiliza hupokea vyote hivyo kwa pamoja, na juu yake huongezewa kuta, sakafu na dari ya chumba alichomo. Pikapu haina nafasi hiyo. Ya sumaku hukaa kwenye tundu na kuangalia nyuzi tu. Ukanda wa piezo hukaa chini ya ule mfupa na kuhisi mgandamizo tu. Vidonge vya kubandika, vinavyowekwa kwa ndani kwenye kibao kilicho chini ya daraja, huhisi ubao, lakini ubao wa eneo lile tu. Hata maikrofoni ndogo inayofungwa ndani ya gitaa husikia tumbo la gitaa, mahali ambapo hakuna msikilizaji aliyewahi kuweka sikio.

Pikapu ya sumaku ndiyo kongwe, na historia yake inaonyesha wazi kwamba tangu mwanzo watengenezaji walilazimika kuchagua kati ya uzuri wa mbao na usalama wa jukwaa. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilipotoa gitaa lake la J-160E mwaka 1954, iliweka pikapu ya sumaku mwishoni mwa shingo ya gitaa lenye umbo la gitaa kavu la kawaida. Lakini mbao zake hazikuwa za kawaida. Mengi ya magitaa hayo yalipewa uso wa mbao za tabaka badala ya ubao mmoja, na mihimili ya ndani ilipangwa kama ngazi badala ya kupishana kwa umbo la X. Lengo lilikuwa kuufanya ubao usitikisike kwa urahisi, kwa sababu ubao unaotikisika kwa urahisi huichukua sauti ya spika, huirudisha kwenye pikapu, pikapu huirudisha kwenye spika, na mzunguko huo hukua hadi kuwa mvumo usiozuilika, ule ambao wapiga muziki huuita fidibaki. Kwa maneno mengine, Gibson walilinyima gitaa sehemu ya sauti yake ya chumbani ili liweze kuvumilia sauti ya jukwaani. John Lennon na George Harrison wa Beatles walinunua magitaa ya aina hiyo mwaka 1962, na sauti unayoisikia mwanzoni mwa wimbo wao wa mwaka 1964, “I Feel Fine”, ni fidibaki ya gitaa la Lennon lililokuwa limesogezwa karibu na amplifaya. Hata gitaa lililojengwa ili lisivume, lilivuma.

Sumaku ina tabia nyingine ambayo muuzaji hakutajii. Inaona chuma tu. Nyuzi nene za gitaa kavu zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa na bati au zinki, na mzunguko huo, ambao ndio unaoupa uzi utamu wake hewani, kwa sumaku ni kama haupo. Nyuzi mbili nyembamba za chini hazina mzunguko, ni chuma kitupu, kwa hiyo sumaku huziona kwa ukamilifu. Matokeo yake uzi wa pili kutoka chini hupiga kelele kuliko majirani zake, na mpigaji humlaumu fundi. Watengenezaji wa kisasa hupunguza tatizo hilo kwa kushusha sumaku iliyo chini ya uzi huo au kuiweka ya kurekebishwa kwa skrubu. Mwenye gitaa la nyuzi za nailoni hana haja ya kusoma zaidi habari za sumaku: kwake hazitoi sauti yoyote.

Piezo ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele zikigandamizwa huzalisha umeme. Ilichukua miongo mingi kabla ya ugunduzi huo kufika kwenye daraja la gitaa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Barcus-Berry ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza pikapu za piezo za kubandika kwenye ala za mbao. Aliyeifanya iwe kitu cha kawaida kiwandani ni Charles Kaman, mhandisi aliyekuwa amejipatia jina kwa kutengeneza helikopta. Mtu wa helikopta anajua mitikisiko kuliko fundi seremala, na kampuni yake ya Ovation, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilitengeneza magitaa yenye mgongo wa mviringo wa plastiki ngumu, kisha ikaweka piezo chini ya mfupa, moja kwa kila uzi. Baada ya hapo mlango ulifunguka. Kampuni za Marekani kama Fishman na L.R. Baggs ziliendeleza ukanda mwembamba unaolala ndani ya mfereji wa daraja, na leo sehemu kubwa ya magitaa kavu yenye jeki, yawe ya bei ya chini au ya juu, yana ukanda wa namna hiyo.

Sifa ya ukanda ni kwamba hauvumi upesi na husikika waziwazi hata ngoma zikipigwa. Ila una mlio fulani mkavu, wa haraka, unaokwaruza mwanzo wa kila noti, hasa mtu anapochapa nyuzi kwa nguvu. Chanzo chake kinaeleweka. Ukanda umekaa kwenye kituo cha kwanza kabisa cha safari ya mtikisiko, kabla ubao na hewa havijaupunguza ukali na kuurefusha. Pigo la kidole au kipiki hufika pale likiwa bichi, na umeme unaozalishwa huruka juu ghafla kiasi kwamba priampu, yaani kikuza umeme cha kwanza, ikiwa dhaifu hushindwa kuubeba na kuukata kichwa. Sasa angalia maana yake. Ukanda wa bei kubwa ukiwekwa pale pale, bado umekaa kwenye kituo cha kwanza. Unaweza kuwa na nyuzi zilizosawazika vizuri zaidi na kelele ndogo zaidi, na hilo ni jambo la kulipia, lakini hauwezi kusikia ubao ambao haujafikiwa.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote katika hoja hii unatoka kwenye gitaa la Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani. Mwaka 1969 alikuwa anapiga gitaa la nyuzi za nailoni la kampuni ya Baldwin, lenye pikapu ya piezo iliyoitwa Prismatone, lililokuwa likiuzwa pamoja na amplifaya yake. Gitaa hilo likakanyagwa na mlevi. Fundi Shot Jackson wa Nashville alipoliona, alisema halitengenezeki, akamwuzia Nelson gitaa la Martin aina ya N-20 na kulihamishia pikapu ya lile lililovunjika. Nelson amelipiga gitaa hilo, aliloliita Trigger, kwa zaidi ya nusu karne, hadi upigaji wake ukatoboa ubao karibu na tundu la sauti. Watu hulisifu gitaa, na lina haki ya kusifiwa. Lakini kilichobaki kilekile pale gitaa lilipokufa ni pikapu na amplifaya. Wengi wetu hubakiza gitaa na kubadilisha pikapu. Nelson alibadilisha gitaa akabakiza pikapu, na sauti yake ikaendelea kutambulika. Kama pikapu ingekuwa mfereji tu wa kupitishia sauti ya mbao, jambo hilo lisingewezekana.

Mfano wa Kurt Cobain, mwimbaji mwingine wa Marekani, unasema hivyo hivyo kwa mlango mwingine. Kipindi cha MTV kilichorekodiwa New York tarehe 18 Novemba 1993 kilibeba jina linalomaanisha kupiga bila umeme. Gitaa alilolishika Cobain lilikuwa Martin D-18E la mwaka 1959, ambalo kiwanda kilikuwa kimeliwekea pikapu mbili za sumaku, na yeye aliongeza ya tatu kwenye tundu la sauti, kisha akaipitisha sauti kwenye amplifaya ya gitaa la umeme iliyofichwa jukwaani. Mamilioni ya watu wameusikia usiku ule wakaamini wanasikia mbao. Gitaa hilo liliuzwa kwa mnada mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 6, na hakuna aliyedai apunguziwe bei kwa ajili ya tundu la jeki.

Kwetu sisi kuna sababu ya ziada ya kudhani kwamba gitaa kavu lina sauti moja tu ya kweli. Masikio ya Afrika ya Mashariki na Katanga yalifundishwa gitaa kavu na rekodi za maikrofoni. Jean-Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, na wimbo wake “Masanga” umebaki kipimo cha vidole kwa wapigaji waliomfuata. Ile ni sauti ya mtu mmoja, gitaa moja na maikrofoni moja, bila ngoma nyuma yake wala spika mbele yake. Ni kipimo kizuri cha upigaji. Si kipimo cha haki kwa pikapu inayotakiwa kusikika katika ukumbi wa harusi wenye kinanda, ngoma na waimbaji sita.

Baada ya pikapu huja sehemu ya mtambo ambayo naona inadharauliwa kuliko zote, na ambayo imewafanya watu wengi watupe pikapu nzima. Piezo huzalisha umeme mdogo sana na haipendi kunyonywa. Kila mlango wa kuingizia sauti, uwe wa mikisa au wa amplifaya, una ukinzani wake, na ukinzani huo ukiwa mdogo, besi hupotea. Kiasi kinachopotea kinaweza kukokotolewa. Chukua pikapu ya ukanda yenye kapasitansi ya nanofaradi 1 na uichomeke kwenye mlango wenye ukinzani wa omu milioni 10. Besi itaanza kupungua chini ya hezi 16, mahali ambapo gitaa halina kazi. Ichomeke kwenye mlango wa omu milioni 1, ambao ndio wa amplifaya nyingi za gitaa, na upungufu unaanza chini ya hezi 159. Uzi mnene wa gitaa hulia kwenye hezi 82, kwa hiyo tayari umeukata miguu. Sasa ichomeke moja kwa moja kwenye mlango wa mikisa wenye omu elfu 10. Upungufu unaanza karibu na hezi 16,000, yaani kila noti ya gitaa imo ndani ya eneo la upungufu, na kadiri noti inavyokuwa nzito ndivyo inavyopotea zaidi. Hilo ndilo bati ambalo watu hulilalamikia. Pikapu haijabadilika hata kidogo katika mifano yote mitatu.

Magitaa yenye priampu na betri ndani yameshalitatua hilo, kwa sababu priampu hukaa karibu na pikapu na kuutoa umeme ukiwa na nguvu za kutosha kusafiri kwenye waya mrefu. Vidonge vya kubandika ambavyo havina betri huwa vinabeba kapasitansi kubwa kuliko ukanda mwembamba, kwa hiyo huvumilia zaidi, lakini navyo huumia kwenye mlango wa mikisa. Hapa ndipo hutokea kosa la gharama. Mtu ana gitaa lenye ukanda na priampu, amesikia sifa za vidonge, anaagiza, fundi anang’oa priampu na betri, anabandika vidonge, na Jumapili gitaa linapochomekwa kwenye mikisa ileile ya kanisa lina sauti nyembamba kuliko mwanzo. Alichohitaji ni priampu ndogo ya nje au boksi la DI, yaani kisanduku cha kuunganishia gitaa na mikisa, lenye ukinzani mkubwa. Tena maboksi ya DI si yote sawa: yale yasiyotumia umeme, yenye transfoma tu, kwa kawaida hayana ukinzani wa kuifaa piezo tupu. Sumaku nayo huumia ikikutana na mlango mdogo, ila yenyewe hupoteza sauti nyembamba na kubaki na uzito uliofifia.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kubadilisha pikapu, mnyororo wote unatakiwa kukaguliwa, na ukaguzi wenyewe hauna gharama kubwa. Betri ya volti 9 ikichoka haizimiki kwa ghafla. Kwanza huharibu mapigo makali na kuyafanya yakwaruze, jambo ambalo linafanana mno na pikapu mbovu. Katika magitaa mengi jeki ndiyo swichi ya betri: waya ukichomekwa, mzunguko unafungwa na betri inaanza kuliwa, hata kama hakuna anayepiga. Anayelaza gitaa likiwa na waya wake huila betri bure usiku kucha. Jeki yenyewe hukazwa kwa nati iliyo mkiani mwa gitaa, na nati ikilegea jeki huzunguka ndani, waya zilizolehemewa hukatika moja baada ya nyingine, na sauti huanza kuja na kuondoka. Kuilehemu upya ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote wa redio.

Nyuzi zisizolingana kwa sauti, moja ikipiga kelele na nyingine ikizama, ndizo huwatia watu hasira zaidi, na pikapu ya ukanda ndiyo huhukumiwa. Lakini ukanda huhisi kile tu kinachougandamiza. Upande wa chini wa mfupa ukiwa na kimwinuko, au sakafu ya mfereji ikiwa na vumbi la mbao lililoachwa na mchimbaji, sehemu moja ya ukanda hubeba mzigo wote na nyingine haibebi chochote. Mfupa uliobana mno mferejini huning’inia kwenye kuta badala ya kukaa chini, na uliolegea huinama mbele kwa mvuto wa nyuzi na kugandamiza ukingo mmoja. Unapaswa kuingia na kutoka kwa vidole, bila koleo na bila kuchezacheza. Fundi mwenye kioo bapa na msasa mzuri anaweza kuunyoosha upande wa chini wa mfupa na kumaliza lalamiko ambalo mwenye gitaa alikuwa tayari kulilipia pikapu mpya. Katika miji yetu ya pwani, ambako mbao hunywa unyevu mwingi na nyuso za magitaa huvimba wakati wa masika, uso unaobeba daraja hubadilika umbo kidogo kidogo, na mfupa uliokaa vizuri Januari unaweza kuhitaji kuangaliwa tena Mei.

Kuna watakaosema: yote hayo yamekaguliwa, betri ni mpya, mfupa umenyooka, boksi ni zuri, na bado sauti haipendezi. Sawa. Hapo pikapu ina kesi ya kujibu, na ndipo swali la mahali linapokuja. Anayepiga peke yake au na mwimbaji mmoja katika mgahawa tulivu ananufaika na vidonge au mchanganyiko wa ukanda na maikrofoni ya ndani, kwa sababu spika hazijapandishwa sana na sauti ya ubao ina nafasi ya kusikika. Anayepiga katika bendi kamili hapati faida hiyo. Gitaa kavu kubwa la kawaida lina mvumo wa asili wa hewa yake kati ya hezi 90 na 110 hivi, karibu na noti za G na A kwenye uzi mnene, na mvumo mwingine wa ubao unaokaribia hezi 200. Pikapu inayosikia ubao na hewa kwa uaminifu husikia mivumo hiyo kwa uaminifu vilevile, na hapo ndipo fidibaki huanzia. Vidonge vinavyosifiwa kwa uhalisia wake ndivyo vitakavyolia kwanza mbele ya ngoma. Katika bendi, ukanda au sumaku, pamoja na kifuniko cha mpira kwenye tundu la sauti, hufanya kazi ambayo pikapu yenye bei mara mbili yake haiwezi kuifanya. Ndani ya bendi, tena, sauti nzito ya gitaa humezwa na besi na kinanda. Kinachobaki kusikika ni mchapo na sauti za juu. Ule ukavu wa ukanda unaokera chumbani ndio unaopenya ukumbini.

Wengine watauliza kwa nini tusiache pikapu zote tukatumia maikrofoni. Kwa studio na kwa ukumbi wenye wasikilizaji walionyamaza, nakubali bila masharti. Lakini maikrofoni iliyo mbele ya gitaa husikia pia ngoma, waimbaji na spika, na mpigaji hawezi kusogea. Zipo pia programu na vifaa vya kidijitali vinavyochukua sauti kavu ya piezo na kuivalisha sura ya gitaa lilelile lililorekodiwa kwa maikrofoni, na vinafanya hivyo vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa maoni yangu vifaa hivyo vinaunga mkono hoja ya sura hii, kwa kuwa vinaiacha pikapu ya kawaida mahali pake na kufanya kazi yote mbele ya safari. Mwenye fedha ya kitu kimoja, na mwenye gitaa lenye ukanda mzima, afikirie kifaa cha namna hiyo kabla ya kufikiria patasi.

Pingamizi zito zaidi linahusu mbao. Kutoboa gitaa zuri kunauma, na tundu la jeki mkiani, lenye kipenyo cha milimita 12 hivi, halirudi. Nakubaliana na anayesita kutoboa gitaa kongwe. Kwake sumaku inayobanwa kwenye tundu la sauti, waya ukitokea hapo hapo, inatosha, maana hutolewa bila kuacha alama. Magitaa mengi yanayofika kwa fundi, hata hivyo, yametobolewa tayari kiwandani, tena ubavuni, kwa ajili ya kisanduku cha priampu chenye vitufe. Mwenye gitaa hilo ajue kwamba visanduku havina ukubwa mmoja, na kwamba akikitoa na kuweka mfumo wa jeki ya mkiani atabaki na dirisha ubavuni. Mara nyingi la busara ni kuacha kisanduku kama kinafanya kazi na kubadilisha ukanda peke yake, baada ya kuhakikisha plagi yake ndogo inalingana na ya ukanda mpya na kwamba ukanda una upana wa mfereji. Mifereji hupatikana kwa upana wa milimita 2.4 hivi au 3.2, na ukanda wa mmoja haukai vizuri katika mwingine.

Kazi yenyewe, likishafika suala la kuifanya, inahitaji umakini mahali pamoja kuliko pengine pote: kimo. Ukanda una unene wake, milimita moja na kitu. Ukiingizwa chini ya mfupa ambao haukuwa na ukanda, nyuzi hupanda, na kila milimita 1 inayoongezeka kwenye mfupa huinua nyuzi nusu milimita kwenye freti ya 12, kiasi ambacho mkono wa kushoto hukihisi mara moja. Kwa hiyo unene uleule hupunguzwa upande wa chini wa mfupa, kamwe si wa juu, kwa sababu juu ndipo palipochongwa mkunjo na urefu sahihi wa kila uzi. Mambo hugeuka ukanda unapotolewa ili kuwekwa vidonge au sumaku. Mfupa hushuka, nyuzi huanza kugonga freti na kuzoza, na mwenye gitaa huamini fundi ameharibu shingo. Hakuna kilichoharibika, unahitajika mfupa mpya mrefu zaidi, au kibanzi kigumu cha kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Vidonge navyo vibandikwe mahali palipopimwa, kwa majaribio ya gundi nyepesi kwanza, kwa kuwa kidonge kikisogea hata kidogo uwiano wa nyuzi nene na nyembamba hubadilika, na gundi kali ikishakauka hakuna kusogeza tena.

Jambo la mwisho linahusu namna ya kulijaribu gitaa kazi ikiisha. Anayepiga hawezi kuihukumu pikapu, kwani masikio yake yako juu ya ubao na anasikia mbao na spika kwa pamoja. Mpe mwenzako gitaa, nenda usimame mahali wasikilizaji wanaposimama, na mwambie apige nyimbo mnazopiga, kwa nguvu mnayopigia. Na kwa kuwa jaribio hilo ndilo litakaloamua, ukienda kwa fundi usiende na gitaa tupu. Peleka betri mpya, waya unaoutumia, boksi lako la DI kama unalo, na nyuzi za aina unayoipenda, umweleze utapiga wapi, na nani, na kwenye mikisa gani; na kabla hajashika patasi, mwombe akague jeki na upande wa chini wa mfupa.